AFYA YA JAMAA: Jino la Bandia Lina Mahali Pake

Wazee wetu walisema: Jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo hutumiwa kwa mambo mengi ya dunia, lakini leo tutaichukua kwa maana yake ya kwanza, yaani meno yenyewe. Tutazungumza juu ya meno ya bandia, hasa yale ya mbele ya taya la juu, ambayo ndiyo huonekana mtu anaposema na anapocheka.

Katika kota za askari na polisi, na katika vijiji ambako wastaafu wetu wamerudi kulima, si vigumu kumwona mzee aliyetengenezewa meno kwa fedha nyingi, lakini meno hayo yakawa yanalala ndani ya bilauri kabatini mwaka mzima. Huyavaa siku ya harusi ya mtoto wake, na hata siku hiyo huyavua kabla pilau haijafika. Ukimwuliza sababu, atasema kwamba hayatulii, au kwamba akiyavaa watu hawayasikii vizuri maneno yake. Bibi naye atasema kwamba akijitazama kwenye kioo haoni uso wake, bali uso wa mtu mwingine. Jamaa husema ni uzee tu. Lakini mara nyingi uzee husingiziwa bure. Meno yamesimama mahali pasipo pake, na kosa lenyewe huweza kuwa la milimeta mbili au tatu tu.

Jenerali aliyelalamika

Shida hii haikuanza leo, wala haichagui cheo. George Washington, jenerali aliyeongoza vita vya uhuru wa Marekani na akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la asili alipoapishwa mwaka 1789. Watu wengi husimulia kwamba alivaa meno ya mti, lakini jambo hilo si kweli. Meno yake yalitengenezwa kwa pembe, pamoja na pembe ya kiboko, kwa meno ya watu, na kwa madini, nayo yalishikwa kinywani kwa springi. Mnamo Desemba 1798 alimwandikia daktari wake wa meno, John Greenwood, akilalamika kwamba meno yalijitokeza mno mbele na kuifanya midomo yake ivimbe. Mtu aliyeamuru majeshi alishindwa kuyatuliza meno yake mwenyewe, kwa sababu wakati ule mafundi hawakuwa na kanuni thabiti za kujua jino la mbele lilisimama wapi kabla halijatoka.

Leo kanuni hizo zipo. Ni vema kila jamaa izifahamu, si ili ifanye kazi ya daktari, bali ili ijue la kuuliza inapompeleka mzee wake kutengenezewa meno.

Kwa nini ufizi hudanganya

Jino linapong'olewa, mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi na huanza kupungua. Hupungua upesi zaidi katika miezi ya mwanzo, kisha polepole kwa miaka yote inayofuata. Mwaka 1972 mtafiti Tallgren alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 25 watu waliovaa meno ya bandia. Alionyesha kwamba sehemu ya mbele ya taya la chini hupungua kiasi cha mara nne kuliko sehemu ya mbele ya taya la juu. Hata hivyo taya la juu lina hila yake: mfupa wake wa mbele hupungua kwa kurudi nyuma na kupanda juu.

Basi mtu aliyekaa miaka mingi bila meno, ufizi anaobaki nao haupo tena pale meno yake yalipokuwa. Fundi asiyelijua jambo hili huyapanga meno mapya juu kabisa ya ukingo wa ufizi uliobaki, akidhani ndipo mahali pake. Matokeo yake ni mdomo wa juu uliobonyea, mikunjo iliyozidi pembeni mwa kinywa, na mzee wa miaka 60 anayeonekana kama mwenye miaka 80. Fundi huyo ni sawa na mtu anayetaka kurudisha mpaka wa shamba kwa kufuata mto uliokwisha kuhama. Mwenye busara hutafuta mawe ya mpaka.

Mawe ya mpaka ndani ya kinywa

Ndugu msomaji, kama bado una meno yako, weka ncha ya ulimi nyuma ya meno mawili ya juu ya katikati. Hapo utagusa kinundu kidogo cha nyama. Ndani yake, kwenye mfupa, mna tundu linalopitisha mishipa ya fahamu na ya damu. Kinundu hiki hakiondoki pamoja na meno. Mfupa hupungua, ukingo wa ufizi huhama, lakini chenyewe hubaki karibu pale pale. Hili ndilo jiwe la kwanza la mpaka.

Vipimo vya watu wenye meno yao ya asili vimeonyesha kwamba uso wa mbele wa meno mawili ya katikati kwa kawaida husimama milimeta 8 hadi 10 mbele ya katikati ya kinundu hicho. Mwaka 1979 watafiti Ortman na Tsao walipima kutoka mwisho wa nyuma wa kinundu, wakapata wastani wa milimeta 12 na nusu hivi. Lakini waliona pia kwamba watu hutofautiana sana. Kwa hiyo kipimo hiki huonyesha mahali pa kuanzia kazi, wala hakimalizi kazi.

Kinundu hicho hutupatia jambo la pili. Ukipiga mstari wa kukatiza kinywa kutoka kushoto hadi kulia, ukapita katikati ya kinundu, ncha za chonge mbili za juu huangukia kwenye mstari huo au karibu yake sana. Chonge ndiyo kona ya safu ya meno, mahali ambapo safu huacha kwenda mbele na kuanza kurudi nyuma. Chonge zikikosea, safu nzima hupinda, kama gwaride ambalo askari wa pembeni amesimama vibaya.

Kwenye kaakaa, nyuma ya kinundu, mna mikunjo inayokwenda upande wa kushoto na wa kulia. Ncha za nje za mikunjo mikubwa ya kwanza nazo humwelekeza fundi zilipokuwa chonge. Tena mna kijiuzi cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi, ambacho husaidia kuonyesha katikati. Lakini kijiuzi hiki huweza kwenda upande kidogo, kwa hiyo kisiaminiwe peke yake.

Kabla ya kukiacha kinundu, tuseme hili: kwa kuwa kina mishipa ya fahamu, meno ya bandia yasikikandamize. Mtu akisikia maumivu au moto mbele ya kaakaa kila anapoyavaa, asivumilie kwa ushujaa. Arudi kwa daktari, kwa maana sehemu hiyo huweza kupunguzwa kidogo ikapata nafuu.

Mawe ya mpaka usoni

Baada ya kinywa huja uso. Katikati ya meno hulinganishwa na mfereji mdogo ulio kati ya pua na mdomo wa juu, na uso mzima hutazamwa kutoka mbele. Kinywa kinapotulia, pembe za mdomo huonyesha kwa makadirio mahali chonge zinapokwisha. Mstari unaopita kwenye mboni mbili za macho ndio kipimo cha usawa: kingo za meno ya mbele ziende sambamba nao, ama sivyo mtu ataonekana kama mwenye kinywa kilichoinama upande mmoja. Mgonjwa akitazamwa kutoka upande, usawa wa meno hufuata mstari unaotoka kwenye ubawa wa pua hadi kwenye kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio. Mstari huo umepewa jina la Petrus Camper, tabibu Mholanzi wa karne ya 18.

Iko pia kanuni ya pua: mistari miwili ikishushwa kutoka kwenye mbawa za pua, huangukia karibu na ncha za chonge, na hivyo upana wa pua huonyesha upana wa meno sita ya mbele. Kanuni hii yahitaji tahadhari kwetu. Pua za watu hazina upana mmoja. Mwenye pua pana akipimiwa meno kwa kufuata pua tu, huweza kupewa meno makubwa yasiyouingia uso wake. Hapo daktari mwangalifu huiweka kando kanuni ya pua, akategemea zaidi kinundu, pembe za mdomo na, zaidi ya yote, picha ya zamani ya mwenyewe.

Umri nao una haki yake

Wazee wengine huomba meno marefu, meupe na yaliyopangika kama ya kijana wa miaka 20. Haja yao twaifahamu, lakini uso hautakubali. Mwaka 1978 watafiti Vig na Brundo walipima ni kiasi gani cha meno ya juu huonekana mdomo unapotulia bila kucheka. Kwa wanaume wastani ulikuwa milimeta 1.91, na kwa wanawake 3.40. Waliotimiza miaka 29 au pungufu walionyesha zaidi ya milimeta 3. Waliopita miaka 60 hawakuonyesha karibu chochote cha meno ya juu. Kwao meno ya chini ndiyo yaliyoonekana, kiasi cha milimeta 3. Sababu ni kwamba midomo hulegea na kushuka kadiri miaka inavyokwenda, na meno nayo hulika.

Haina maana kwamba mzee anyimwe meno ya kuonekana. Maana yake ni kwamba jambo hili lizungumzwe kati yake na daktari, na urefu wa meno uamuliwe mbele ya kioo na mwenye uso wake akiwapo.

Sauti ni shahidi

Vipimo vyote vikiisha, shahidi wa mwisho ni lugha. Ni bahati njema kwamba Kiswahili kinazo sauti zote zinazohitajika kuyapima meno ya mbele.

Kwanza ni F na V. Katika kuzitamka, kingo za meno ya juu hugusa mdomo wa chini, pale sehemu kavu inapokutana na yenye unyevu. Meno yakiwa mafupi mno, V husikika kama F. Yakiwa marefu mno, F husikika kama V. Sasa tazama hatari yake katika lugha yetu. Sajini mstaafu anamwambia mjukuu wake, "Vuta!" naye mtoto anasikia, "Futa!" Mama anamwambia binti, "Vaa nguo hii," ikasikika, "Faa." Mtu wa namna hiyo hurudia maneno mara mbili au tatu, watu hucheka, na mwishowe huchagua kunyamaza. Tumewaona wazee waliokuwa wasemaji wa baraza wakinyamaza kwa sababu hiyo tu, na watu wakadhani wamechoka na dunia.

Pili ni S. Katika kuitamka, meno ya juu na ya chini hukaribiana hadi kiasi cha milimeta moja bila kugongana. Mgonjwa na ahesabu kwa sauti: sitini na sita, sitini na saba. Meno yakigongana kama vikombe, huenda yamewekwa marefu mno au kinywa kimeinuliwa kupita kiasi.

Tatu ni TH, kwa wale walioizoea. Mtu akisema thelathini au themanini, ncha ya ulimi huchungulia kidogo kati ya meno. Isipoonekana kabisa, pengine meno yamesogezwa mno mbele. Ikitoka nje kupita kiasi, pengine yamerudishwa mno nyuma. Mtu aliyekuwa akisema "selasini" tangu utotoni asipimwe kwa sauti hii, maana hapo si kosa la meno.

Siku ya nta

Ndugu wasomaji, kama mtasahau yote tuliyosema, msisahau hili. Kabla meno ya bandia hayajakamilishwa kwa plastiki ngumu iitwayo akriliki, fundi huyapanga kwanza juu ya nta. Katika hali hiyo huingizwa kinywani kwa majaribio. Jino lililo juu ya nta huweza kusogezwa mbele, nyuma, juu au chini kwa dakika chache. Likikwisha kushikwa na akriliki, kulisogeza ni kazi nzito, na mara nyingi ni kuanza upya kwa gharama nyingine. Siku ya nta ndiyo siku ya kusema.

Lakini ndiyo siku ambayo wazee wetu hunyamaza. Daktari huuliza, "Mzee, yanakufaa?" Naye, kwa heshima au kwa haya, hujibu, "Ndiyo, daktari, asante." Kisha hurudi nyumbani, na safari ya meno kwenda kabatini huanza. Heshima ya namna hiyo haimsaidii mgonjwa wala daktari. Daktari mwema hupenda kuambiwa ukweli wakati bado anaweza kutengeneza. Fundi anayetaka kukamilisha meno yote bila siku ya majaribio, aulizwe sababu, na kama hana sababu ya kuridhisha, atafutwe mwingine.

Siku hizi katika miji mikubwa wako wanaopima kinywa kwa kamera na kuyapanga meno kwa kompyuta. Ufundi huo ni mzuri, lakini swali ni lile lile: jino la mbele lilisimama wapi? Na mgonjwa ana haki ile ile ya kuyajaribu na kusema.

Mambo ya kushika

1. Nenda na picha ya zamani inayoonyesha meno: ya arusi, ya gwaride la kuhitimu, au ya sikukuu. Picha ya kitambulisho mara nyingi haifai, maana kinywa hufungwa.

2. Mwambie daktari mapema kama ulikuwa na mwanya. Kwetu mwanya ni uzuri, na fundi asipoambiwa atauziba. Bibi aliyesifiwa mwanya wake maisha yote hatajitambua bila huo.

3. Baadhi ya makabila yetu zamani yaling'oa meno ya chini ya mbele kwa mila. Wajaluo waling'oa sita, na Wamaasai mawili. Mzee aliyeishi hivyo tangu ujana aulizwe kama ataka pengo hilo lizibwe. Uamuzi ni wake, si wa wanawe.

4. Mpiga tarumbeta wa bendi aseme kazi yake tangu siku ya kwanza. Midomo yake huegemea meno ya mbele, na badiliko dogo la mahali pake hubadili sauti ya chombo. Siku ya nta aje na kipande cha tarumbeta kinachowekwa mdomoni, akiweke taratibu juu ya midomo bila kupuliza.

5. Nenda na mtu anayekufahamu: mke, mume au dada. Huyo akutazame kutoka mbele na kutoka upande, ukiwa umetulia, ukisema na ukicheka.

6. Jitazame ukiwa umesimama, kwenye mwanga wa mchana, kioo kikiwa mbali kiasi cha mkono. Kioo kidogo kilichokaribia pua hukuonyesha jino, hakikuonyeshi uso.

7. Meno yakikamilika, yasafishe kwa brashi juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Usitumie maji ya moto, maana akriliki hupinda. Yavue usiku. Yakikuumiza, usiyakwangue kwa kisu, bali rudi yalikotengenezwa.

8. Mfupa huendelea kupungua hata baada ya meno kukamilika. Kwa hiyo meno yaliyotulia vizuri mwaka huu huenda yakalegea baada ya miaka kadhaa. Hapo yapelekwe yakatazamwe na kurekebishwa. Yasitupwe, wala yasiazimwe na ndugu mwingine, kwa kuwa kinywa cha mtu ni cha mtu.

Methali ya pembe na pengo ilitungwa wakati ambapo jino la bandia lilikuwa pambo tu. Jino linalochongwa na kupachikwa popote bado si dawa. Lakini jino lililopimiwa kwenye kinundu, likalinganishwa na macho, likajaribiwa kwa maneno ya lugha ya mwenyewe, hilo humrudisha mtu barazani. Basi wewe mwenye mzee nyumbani, fungua kabati utazame. Kama meno yake yanalala kwenye bilauri, usimcheke wala usimlaumu. Mwulize yana kosa gani, umsikilize hadi mwisho, kisha mfuatane kwa daktari wa meno.